Je, kampuni ya simu inaweza kunifungia intaneti kwenye laini za watoto?

Mama wa Chikongola, Mtwara

Salaam kwenu nyote. Naomba mawazo ya wazazi wenzangu na ya mafundi waliomo humu, hasa wa mikoa yetu ya kusini.

Nina watoto wawili wanaotumia simu: binti wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tano. Binti anatumia Tecno iliyokuwa yangu. Mdogo hana simu yake, lakini hapa nyumbani ukiweka simu mezani ukageuka kidogo, ujue ameshaichukua. Laini zote nimezisajili mimi kwa namba yangu ya NIDA na alama za vidole. Shule zikiwa wazi sina wasiwasi mkubwa, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu, ila likizo ya Desemba huangukia ndani ya msimu wa korosho. Wakati huo mimi na baba yao tunakuwa shambani Nanyamba au tunafuatilia mauzo kwenye chama cha msingi, na watoto wanabaki na bibi yao, ambaye simu anaijua kwa kupiga na kupokea tu.

Shemeji yangu anayeishi Uingereza ananiambia kwamba huko mtandao wenyewe ndio unaofunga tovuti za watu wazima, na anayetaka zifunguliwe sharti athibitishe kuwa ametimiza miaka 18. Amenishauri niende kwenye duka la kampuni yangu ya simu nikaombe kufungiwa hivyo hivyo. Je, hilo linawezekana kwa laini zetu hizi za vocha? Na hata likiwezekana, je, litatosha? Sipendi kumnyang'anya binti simu, maana wenzake hutumiana humo mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita na anaisomea kweli, nimemwona.

---

Fundi wa simu, Masasi

Dada, shemeji yako amekueleza sawasawa. Kampuni za simu za Uingereza zilikubaliana kanuni za pamoja mwaka 2004 kwamba maudhui ya watu wazima yafungwe hadi mteja athibitishe umri wake, na tangu 2013 bodi inayopanga filamu kwa umri, BBFC, ndiyo inayoweka mipaka ya kipi kifungwe na kipi kiachwe. Marekani wana njia nyingine. Kule AT&T na Verizon, kampuni za simu za huko, wana huduma za familia: mzazi mmoja ndiye mwenye akaunti, chini yake kuna laini za nyumba nzima na bili moja ya mwisho wa mwezi, na kupitia programu ya kampuni anaweza kusimamisha intaneti ya laini ya mtoto usiku, kuzuia namba fulani zisimpigie, au kuona laini iko wapi.

Ukitazama vizuri, mpango wa Marekani umejengwa juu ya huyo mwenye akaunti. Sisi huku tunatumia malipo ya kabla, kila laini inajitegemea, na bando analinunua yeyote mwenye salio. Kwa hiyo nenda dukani au piga huduma kwa wateja, namba 100, uwaulize wanacho nini kwa laini ya mtoto. Kuuliza si ujinga, na wateja wakiuliza kwa wingi ndipo kampuni huona kuna soko. Ila usiweke ulinzi wote hapo, na sababu yake nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wazazi wengi wanaofika mezani kwangu hawajawahi kuelezwa.

Kizuizi kinachowekwa na kampuni hukaa kwenye laini, hakikai kwenye simu. Simu zote tunazouza hapa zina nafasi mbili za laini. Mtoto akiweka laini nyingine, au mjomba wake akimwashia hotspot, ameshatoka nje ya uzio na wala hajavunja kitu chochote. Jambo la pili ni kwamba tovuti nyingi sasa husafirisha data ikiwa imefumbwa: kampuni huona jina la tovuti unayoiendea, lakini haioni ukurasa uliofungua. Kwa hiyo inaweza kuifunga YouTube nzima au kuiacha nzima. Haiwezi kuchagua video hii ipite na ile izuiwe. WhatsApp nayo tangu 2016 ujumbe wake umefungwa kutoka simu hadi simu, na picha inayoingia kupitia kundi la darasa hakuna kizuizi cha mtandao kitakachoiona, si cha hapa wala cha London.

Ndiyo maana mimi huwashauri wazazi waweke usimamizi kwenye simu yenyewe. Kwa simu za Android ipo programu ya Google inayoitwa Family Link, na haina malipo. Unaiweka kwenye simu yako, iwe Android au iPhone, kisha unaunganisha akaunti ya mtoto. Kuanzia hapo unaamua saa za kutumia simu kwa siku, saa ya kulala, na kila programu anayotaka kuipakua inakuja kwanza kwako uikubali au uikatae. Kwa huyo wa darasa la tano, ambaye hajafika miaka 13, akaunti unamfungulia wewe tangu mwanzo. Kwa binti, ikiwa ameshatimiza 13 na ana akaunti yake, usimamizi huwekwa kwa yeye mwenyewe kukubali kwenye simu yake, kwa hiyo huwezi kumfanyia kimyakimya. Itabidi mkae mzungumze, na kwa maoni yangu hiyo ni sehemu bora kuliko zote za programu hiyo.

Familia yenye iPhone haihitaji hayo. Apple wameweka usimamizi wao ndani ya mipangilio tangu 2018, unaitwa Screen Time, na maelezo yake ni mepesi.

Lipo jambo moja litakalokusaidia ukiwa Nanyamba. Muda wa simu ukiisha na mtoto ana haja ya kweli, programu yako hukuonyesha namba ya siri ya mzazi. Unampigia bibi simu ya kawaida, unamsomea tarakimu, anaziandika, simu inafunguka, hata kama simu ya mtoto haina bando wakati huo. Tarakimu hizo hubadilika, kwa hiyo mtoto akizikariri hazitamfaa kesho.

---

Mwalimu wa sekondari, Newala

Nashukuru kwa maelezo ya fundi. Ninaongeza upande ambao sisi walimu tunauona zaidi, nao ni kwamba sehemu kubwa ya video zisizofaa zinazowafikia wanafunzi wa wilaya hizi hazipiti kwenye intaneti ya mtoto hata kidogo. Bando ni ghali kwa mwanafunzi. Anachofanya ni kuchukua video kutoka kwa mwenzake kwa Xender, simu kwa simu, bila bando, au kupeleka memori kadi kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, ambako kwa hela ndogo anajaziwa filamu na nyimbo na hakuna anayemuuliza umri. Nimewahi kushika memori kadi ya mwanafunzi iliyokuwa na folda iliyoandikwa "Fizikia", na ndani yake hapakuwa na Fizikia.

Kizuizi cha kampuni ya simu hakiwezi kuliona hilo, na DNS, yaani seva inayoiambia simu tovuti iko wapi, ambayo najua fundi ataitaja, haitaliona pia. Family Link inasaidia kwa sehemu: ukiikataa Xender isiwekwe kwenye simu, mlango mmoja umefungwa. Memori kadi inabaki kuwa kazi ya jicho la mzazi. Mama, fungua programu ya mafaili mara mojamoja, ukikaa na mwanao, mtazame wote wawili kilichomo. Baadhi ya simu za Tecno na Infinix zina pia sehemu ya kuficha programu na picha, kwa hiyo skrini safi isikupe uhakika mapema.

Kundi ninaloliogopa kuliko wote ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Mtihani unaisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza katikati ya mwaka. Hapo katikati kijana wa miaka 17 anapewa simu mpya kwa fedha za korosho kama zawadi ya kumaliza, hana ratiba, hana mwalimu, na mzazi anaona ulezi wa simu umepitwa na wakati kwa sababu mtoto "ameshakuwa mkubwa". Kwa umri huo sishauri kufuli nyingi. Afadhali kutumia kipengele cha TikTok kinachounganisha akaunti ya mzazi na ya kijana, mkapanga pamoja muda na nani aruhusiwe kumtumia ujumbe, kuliko kumwekea kizuizi ambacho atakipeleka kwa fundi kesho yake asubuhi. Fundi wa Masasi atusamehe.

---

Fundi wa simu, Masasi

Mwalimu, huna haja ya kuomba radhi, ni kweli wanakuja. Msimu uliopita alikuja kijana na Infinix yenye usimamizi wa mzazi, akasema ni simu yake, ameinunua mkononi kwa mtu, anataka ifutwe yote. Nikaiwasha. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe kwamba muda wa leo umekwisha, na chini yake barua pepe ya mzazi iliyoandikwa kwa jina la ukoo lile lile lililokuwa kwenye begi lake la shule. Nilimwambia arudi na mwenye barua pepe. Hakurudi kwangu, lakini mafundi ni wengi, na wapo wanaoflashi simu, yaani kuifuta na kuiwekea mfumo upya, bila kuuliza. Mzazi ajue tu kwamba simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni, bila kupitia mipangilio, ikiwashwa huomba akaunti ya Google iliyokuwemo. Nywila ya akaunti hiyo isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, wala isiandikwe nyuma ya kalenda ukutani.

Kuhusu DNS, Mwalimu amenitangulia. Nieleze kwa lugha nyepesi: kila unapoandika jina la tovuti, simu huuliza kwanza seva fulani tovuti hiyo iko wapi, na seva hiyo ikikataa kujibu, tovuti haifunguki. Android kuanzia toleo la 9 inakuruhusu kuchagua seva ya kuuliza. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "DNS ya faragha", chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika family.cloudflare-dns.com, ambayo hukataa tovuti za ngono na zile zinazojulikana kueneza virusi. Ukitaka kali zaidi, andika family-filter-dns.cleanbrowsing.org, hiyo huilazimisha na YouTube kuwa katika hali yenye mipaka, inayoficha video za watu wazima, na hukataa pia tovuti nyingi za VPN, yaani huduma za kupitisha intaneti kwa njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Faida yake kuliko kizuizi cha kampuni ya simu ni kwamba inafanya kazi kwa laini yoyote na kwa Wi-Fi yoyote, kwa kuwa imewekwa kwenye simu. Udhaifu wake ni kwamba mtoto anayeijua njia ya mipangilio anaweza kuiondoa, kwa hiyo iwe nyongeza ya Family Link, isiwe badala yake.

---

Wakala wa usajili wa laini, Lindi Mjini

Naomba nichangie upande wa laini, kwa kuwa ndio ninaoshughulika nao kila siku hapa stendi.

Mama wa Chikongola, umefanya vema kusajili laini za watoto kwa jina lako, na utaratibu ndivyo ulivyo: laini ya aliye chini ya miaka 18 husajiliwa na mzazi au mlezi. Maana yake ni kwamba kinachofanyika kwenye laini hiyo kitaulizwa kwako kwanza. Piga *106# kwenye laini yako uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, usifikiri mara moja kwamba ni tapeli; kuna wazazi waliogundua hapo hapo mezani kwangu kwamba walipomsajilia mtoto laini moja, aliomba na ya pili siku za baadaye wakaweka kidole bila kuuliza ni ya nini. Namba usizozitambua zifungwe. Hilo peke yake linapunguza ile hadithi ya laini nyingine aliyoisema fundi.

Tukirudi kwenye swali lako la msingi, kwa laini za vocha kizuizi ulichonacho tayari mkononi ni bando. Mpe mtoto bando dogo la wiki badala ya kubwa la mwezi, nawe ulinunue kutoka kwenye simu yako kwenda kwenye namba yake, na uliweke lile lenye dakika na SMS nyingi kuliko data. Likiisha, limeisha. Lakini hesabu hiyo inaharibika ikiwa laini ya mtoto inaruhusiwa kukopa salio, au ikiwa ina akaunti ya fedha za simu ambayo namba ya siri anaijua. Wazazi wengi wanahangaikia picha mbaya wakati mtoto analipa michezo ya kubahatisha kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mama. Kama mtoto hana haja ya kutuma fedha, namba ya siri ya akaunti hiyo ibaki kwako.

Ujumbe wa kitapeli ukimfikia, wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", mfundishe autume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma, asiujibu. Na ikiwa mtu mzima anamwandikia binti maneno yasiyofaa au anamwomba picha, usiufute ujumbe huo kwa hasira. Huo ni ushahidi. Ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, ni ya bure kwa mitandao yote, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa moja kwa moja picha za ngono za watoto, na inamhusu pia yule anayezisambaza kwa "utani" kwenye kundi.

---

Mzee wa Mikindani

Wanangu, nimesoma yote. Kwangu wajukuu wana kitochi kimoja cha kupiga, na simu kubwa inakaa sebuleni, inachajiwa chumbani kwangu usiku. Sijasoma DNS wala sitaisoma. Mnawapa watoto vitu vya shilingi laki mbili kisha mnatafuta kampuni iwalelee.

---

Mama wa Chikongola, Mtwara

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na kwa huyu wa darasa la tano nadhani kitochi ndicho nitakachofanya, kwa sababu hana anachokisomea kwenye simu zaidi ya michezo. Kwa binti ni vigumu. Mwalimu wao wa Hisabati mwenyewe ndiye anayetuma maswali kwenye kundi.

Nimepiga *106# na nimekuta laini tatu ninazozijua na moja nisiyoijua. Nitaifuatilia dukani kesho. Huduma kwa wateja nimewapigia pia, na mhudumu alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza kama nataka kuifunga laini kabisa.

Fundi, nina maswali mawili ya mwisho. Je, hiyo DNS itakula bando au kuizuia M-Pesa yangu isifanye kazi? Na je, Family Link itanionyesha binti yuko wapi anaporudi kutoka masomo ya ziada Shangani?

---

Fundi wa simu, Masasi

Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona ameshaondoka.

Dada, DNS hailigusi bando kwa kiasi utakachokiona. Miamala ya menyu ya nyota na reli haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo haihusiki kabisa. Programu za benki na za fedha nazo kwa kawaida hufanya kazi. Tatizo unaloweza kulikuta ni kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi, ile inayokuletea ukurasa wa kuingia kwanza: simu inaweza kusema hakuna intaneti. Hapo unairudisha DNS kwenye "Otomatiki", unaingia, kisha unaiandika tena. Ukiona simu inagoma hata kwa data ya laini, jambo la kwanza la kukagua ni herufi. Wengi huandika nukta mahali pa kistari.

Kuhusu mahali alipo, itakuonyesha, mradi simu yake imewashwa, ina data, na huduma ya mahali haijazimwa. Bando likiisha njiani, ramani inabaki pale ilipoishia, na mzazi asiyejua hilo anaweza kupiga kelele mtaa mzima wakati mtoto yuko mlangoni. Zile huduma za kampuni za nje zinazokadiria kwa minara ya simu zisikutie tamaa: mjini minara iko karibu karibu na makadirio yanakuwa na maana, lakini kijijini kwenye mnara mmoja makadirio yanaweza kukosea kwa kilomita kadhaa.

Kabla hujaanza kuweka, hakikisha simu zote mbili zina chaji na bando, barua pepe yako unaikumbuka na nywila yake, na binti yupo, kwa kuwa kuna mahali atatakiwa kubonyeza kukubali yeye mwenyewe. WhatsApp yake uifanyie jambo moja mkiwa hapo hapo: kwenye faragha, sehemu ya makundi, chagueni kwamba waliomo kwenye orodha yake ya namba tu ndio wanaoweza kumwingiza kwenye kundi. Ukikwama, andika hapa simu ni ya toleo gani la Android na imekwamia kwenye skrini ipi.